Maziwa Yaliyonuka Moto

Naikumbuka alfajiri moja, mwanangu, vizuri kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Mama yangu alikuwa amesimama kizingitini, amejitanda buibui tayari kwa safari, tumbo la mimba limemtangulia, na mikononi mwake ameshika chombo cha maziwa. Nyumba nzima tulikuwa tumeamini kwamba maziwa yale huletwa na jini. Sote tulimkodolea macho, tukingoja kuona kama atayanywa.

Nimeikumbuka alfajiri hiyo kwa sababu ya maneno uliyoniambia juzi. Ulisema unahamia kazini ugenini, mahali usipomjua mtu, na kwamba umekwisha kuamua: utafunga mlango wako, utafanya kazi yako, na wala hutaki kujuana na yeyote. Sikukujibu. Ulidhani nimesinzia. Sikusinzia, mwanangu, nilikuwa nikitafuta pa kuanzia. Sasa keti, nikuanzie kwenye ile nyumba.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yuko, nami nimevunja ungo si muda mrefu. Sisi asili yetu ni Kipini, huko mto Tana unakomwagia maji yake baharini. Baba alikuwa fundi cherehani. Mafundi walipokuwa wengi Kipini, akasikia kwamba Garsen, kwenye kivuko, watu wa kila namna wanapita na hakuna wa kuwashonea. Akaibeba cherehani yake ndani ya mtumbwi kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa, akatuchukua sisi watatu, yaani mama yangu, bibi yangu mzaa baba, na mimi, tukapanda mto.

Nyumba tuliyoipata ilikuwa njia ya kuelekea Minjila, mbali kidogo na watu, pale ardhi inapoinuka ili mafuriko yasiifikie. Ilikuwa ya udongo na miti, lakini kubwa, yenye vyumba vitatu na ukumbi, na paa la mabati, jambo ambalo siku hizo lilikuwa fahari. Ilikuwa ya mzee mmoja mfanyabiashara aliyekwisha kuondoka. Mpwa wake, ambaye Baba alikutana naye Kipini, alitukabidhi bila masharti. Alisema tu, "Kaeni. Nyumba ikikaa bila mtu hubomoka." Baba alishukuru. Bibi aliuliza kwa nini nyumba nzuri hivyo imekaa bila mtu, lakini mpwa alikuwa amekwisha kugeukia mambo mengine.

Jibu tulilipata mtoni. Siku za mwanzo tulipokwenda kuteka maji, wanawake waliokuwa wakifua walituuliza tunakaa wapi. Mama alipowaonyesha kwa kidole, walitazamana.

"Mle?" akauliza mmoja wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuchekesha. "Dada yangu, na hilo tumbo?"

"Kuna nini mle?" Mama akauliza.

"Mimi sisemi. Mimi nafua." Akafua kidogo, kisha akashindwa kujizuia. "Yule mzee alikuwa na kitu chake anachokilisha. Kila alfajiri anakilisha. Watu wamekisikia. Mzee aliondoka ghafla, mlango hata hakufunga, na kitu chake hakukichukua. Kimebaki. Kinangoja chakula chake."

"Astaghfirullah," akasema Bibi.

"Ndiyo nasema, mimi nafua tu."

Tulirudi nyumbani, mitungi kichwani. Nataka uelewe, mwanangu, kwamba maneno ya mwanamke yule yalikuwa ya kweli kabisa, kila neno. Hakutudanganya hata kidogo. Utaona mwenyewe baadaye. Lakini kweli ikisemwa nusu huweza kumtia mtu hofu ambayo hata uongo mtupu haungeitia.

Tangu siku ile kila kitu ndani ya nyumba kilianza kutusemesha. Cha kwanza kilikuwa ukuta. Chumba cha nyuma, ambamo Mama alikuwa akilala, kilikuwa na ukuta uliotoka jasho. Sisemi ulikuwa na unyevu; kuta nyingi zina unyevu. Huu ulitoka jasho jeupe. Asubuhi ungeuona umefanya utando kama ukungu, mweupe, wenye kumetameta kidogo jua likiugusa. Mama aliupangusa kwa kitambaa. Kesho yake utando umerudi. Baba akaupiga udongo mpya, akaulainisha vizuri kwa kiganja, na kabla udongo haujakauka sawasawa jasho jeupe likapenya na kutokea upande huu. Bibi alilitazama jasho lile akasema, "Ukuta huu unalia, Abdalla. Kuna aliyeulizwa hapa asijibu." Abdalla ni baba yangu. Sikujua maana ya maneno hayo, na nadhani Bibi mwenyewe hakuijua, lakini yalinisimamisha nywele.

Cha pili kilikuwa sauti. Baba alikuwa akitoka mapema kwenda kusali alfajiri msikitini Garsen, kisha anapitiliza kwenye kibaraza chake cha kushonea karibu na kivuko. Nyumbani tulibaki wanawake watupu. Tulipotandika miswala na kuanza kusali, sauti ikaanza nyuma ya ukuta ule ule. Kwanza pumzi. Pumzi nzito, ndefu, ya kitu kikubwa, inayokuja na kukatika. Kisha mkwaruzo, taratibu, kama fundi seremala anayepiga randa ubao: kwaruu, kwaruu. Halafu ukuta wote ukatikisika na vumbi likatudondokea tukiwa katika sijida. Mama alikata sala siku ya kwanza. Bibi hakukata, ila alisoma kwa sauti kubwa mpaka akakauka koo. Upande ule haukuwa na dirisha. Lilikuwako zamani, mzee aliyetutangulia alikuwa ameliziba. Na hakuna miongoni mwetu ambaye angetoka nje kuzunguka nyumba kabla jua halijawa kali.

Tulipotoka, tulikuta nyayo, na hazikuwa za mtu. Zilikuwa za kwato.

Wewe umezaliwa zama nyingine, pengine hukuambiwa. Sisi wa pwani tulilelewa tukijua kwamba jini anaweza kujigeuza umbo lolote, mwanamke mzuri kupita kiasi, mzee mwenye ndevu nyeupe, lakini miguu humsaliti. Ukitazama chini utaona kwato. Basi fikiria sisi, watoto wa Kipini, tunaziona kwato chini ya ukuta unaotoka jasho.

Baba alizitazama nyayo jioni aliporudi. "Labda ng'ombe," akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayeuliza.

"Ng'ombe gani anayetembea peke yake?" Bibi akamkatiza. "Hawa Waorma wana ng'ombe mia, wakipita ni vumbi mpaka mbinguni. Umewahi kumwona ng'ombe mmoja, peke yake, anakuja kuvizia nyumba za watu saa za sala?"

Baba hakuwahi kumwona. Sisi sote hatukuwahi. Ng'ombe tuliowajua vizuri walikuwa wale wa mchuzini.

Nimewataja Waorma. Kambi yao moja ilikuwa mahali ambapo tuliweza kuuona moshi wake, nyumba za duara zilizosukwa na wanawake, na boma la miiba kwa ajili ya mifugo. Tuliwaona kila siku. Tuliwaona kama mtu anavyouona mto au wingu. Haikutupitia akilini kwamba wale nao wanatuona.

Cha tatu ndicho kilichotumaliza nguvu. Siku moja, baada ya pumzi na mkwaruzo kwisha, Bibi alifungua mlango wa mbele akakuta kizingitini pamewekwa chombo. Kilikuwa kirefu, kimesukwa kwa nyuzi za miti kwa ufundi wa kubana hata maji hayapenyi, kina kifuniko kama kikofia na mkanda wa ngozi wa kukibebea. Ndani mlikuwa na maziwa. Hakukuwa na mtu, si njiani, si uani.

Bibi alikifunua, akainusa ile harufu, akarudi nyuma.

"Moto," akasema. "Maziwa yananuka moto."

Tulinusa sote. Ni kweli, yalinuka moshi, moshi wa mti fulani wenye harufu kali na tamu kwa pamoja. Na nani aliyeumbwa kwa moto, mwanangu? Kila mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Bibi hakuhitaji kutueleza zaidi. Alinituma nikayamwage nyuma ya choo, kisha nikiweke chombo nje ya uzio, nikipindue mdomo chini, ili mwenyewe akikichukue bila kuingia. Nikafanya hivyo. Alasiri chombo hakikuwepo. Alfajiri iliyofuata kilikuwa kizingitini tena, kimejaa.

Kila siku ikawa hivyo. Chombo kikaja kimejaa, nami nikamwaga na kukipindua nje ya uzio. Bibi alifukiza ubani mpaka macho yakatuwasha. Na Mama, ambaye ndiye hasa jambo hili linamhusu, akaanza kufifia.

Mimba yake ilikuwa imefika miezi ya mwisho. Kabla yangu alizika watoto, na baada yangu alizika wengine. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki. Hii aliyokuwa nayo aliisubiri kwa namna ambayo mtu mzima tu anaweza kuielewa. Hofu ilipomwingia, chakula kikamkataa. Ukimpa wali anaugeuzageuza. Ukimpa samaki anafunika pua. Mashavu yake yaliingia ndani, na miguu yake ikavimba. Nilikuwa nikimkuta ameketi mchana kutwa ukumbini, amekipa mgongo kile chumba cha nyuma, mikono miwili juu ya tumbo kana kwamba kuna anayetaka kumnyang'anya. Siku moja aliniambia, bila kunitazama, "Hachezi tena kama alivyokuwa akicheza." Niliomba Mungu anifanye kiziwi nisiwe nimesikia.

Baba akaamua kuwarudisha Mama na Bibi Kipini. Alizungumza na mpiga kasia mmoja wa Kulesa, Mpokomo, anayeitwa Mzee Jillo, mtu mrefu mwembamba aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo. Mto ulikuwa umejaa wakati huo, mwekundu kama chai ya maziwa, unashusha miti mizima yenye mizizi yake. Mzee Jillo alikubali shingo upande. "Nitawapeleka," alimwambia Baba, "lakini mto huu wa sasa haumpeleki mtu, unamtupa."

Na hapo ndipo tunafika kwenye ile alfajiri.

Baba hakwenda msikitini siku hiyo, alisali nasi. Ukuta ulipumua kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza Baba aliusikia mwenyewe. Kulipopambazuka Mzee Jillo akabisha hodi, akakuta mizigo imepangwa ukumbini.

"Mama mjamzito, bibi, godoro, kinu, na kuku," akahesabu kwa sauti. "Ndugu yangu Abdalla, ulisema nikuletee mtumbwi au nikuhamishie mji?"

Hakuna aliyecheka. Chombo kilikuwa kizingitini. Mzee Jillo alikuwa amekiruka ili aingie.

"Ondoa uchafu huo," Bibi akaniambia. "Mara ya mwisho."

Nilikichukua, nikapita upande wa nyuma. Nilikuwa nimekiinamisha, maziwa yanamwagika, niliposikia ile pumzi. Safari hii hapakuwa na ukuta kati yetu. Niliinua macho. Ng'ombe jike, mweupe, mwenye pembe moja iliyopinda kuelekea chini, alikuwa amesimama karibu kabisa na ukuta wa chumba cha Mama, ulimi wake mrefu umeubandika kwenye udongo, anaulamba. Kwaruu, kwaruu. Kisha akajikuna bega ukutani, na ukuta ukatikisika. Shingoni alikuwa na kipande cha kamba iliyokatika. Na nyuma yake, akitweta, amefika mwanamke wa makamo, mwembamba, ushungi umemwanguka mabegani, mkononi ameshika kipande kingine cha kamba ile.

Hakunitazama mimi wala ng'ombe. Alitazama chini, pale udongo ulipokuwa ukinywa maziwa.

"Wewe mwaga?" akasema.

Nilikisimamisha chombo haraka.

"Maziwa yangu. Kila siku, wewe mwaga?"

Nilipiga ukelele uliowatoa watu nje. Baba alikuja na fimbo, Bibi na chetezo cha ubani, Mzee Jillo nyuma yao. Mzee Jillo alimwona ng'ombe, akamwona yule mwanamke, akamwona Bibi anavyofukiza moshi kuelekea kwenye pembe za ng'ombe, akaangua kicheko.

"Huyu ndiye jini wenu? Huyu?" akasema, akifuta machozi. "Mbona ana chuchu nne! Mama Barisa, wamekugeuzia ng'ombe wako kuwa jini!"

Alisema hayo kwa Kiswahili, kisha akayarudia kwa Kiorma, maana alikijua vizuri. Mwanamke yule, ambaye watu wa huko walimwita Mama Barisa kwa jina la mwanawe wa kwanza, hakucheka. Alimjibu Mzee Jillo maneno marefu, polepole, huku akielekeza mkono mara kwenye ukuta, mara kwenye chombo nilichokishika. Na kadiri alivyosema, ndivyo uso wa Mzee Jillo ulivyopoteza kicheko, hata akavua kofia yake.

"Anasema," Mzee Jillo akaanza. "Anasema mzee aliyekaa hapa alikuwa akiuza chumvi. Magunia yake aliyapanga chumba hicho cha nyuma, miaka na miaka. Ukuta wote umekunywa chumvi. Huyu ng'ombe alizaliwa dhaifu, na mzee alikuwa akimpa chumvi kiganjani, hapo hapo, kila alfajiri, na ng'ombe hajaacha kuifuata. Na huyu mama kila alfajiri alimletea mzee maziwa, akiyaweka mlangoni kwa sababu saa hizo mzee yuko katika sala, na hakutaka kumkatiza. Mzee alikuwa akirudisha chombo kikiwa na chumvi kidogo ndani."

"Na mzee alikwenda wapi?" Baba akauliza.

"Aliumwa. Watu wa mtumbwi walimchukua akiwa hajiwezi. Mlango aliufunga huyu mama mwenyewe, siku ya pili, alipoona upepo unaupiga."

Mama Barisa akaongeza jambo. Mzee Jillo alilisikiliza, akatazama chini.

"Anasema alipoona taa inawaka tena hapa, alifurahi. Akaona kuna mwenye mimba. Akasema moyoni, mwenye mimba mgeni hana ng'ombe wala ndugu, atakula nini? Basi akaleta. Chombo kilirudi hakina chumvi. Akasema, pengine hawana. Akaleta tena. Na sasa anauliza," Mzee Jillo akaikunja kofia yake mikononi, "anauliza kama mmemwaga siku zote."

Hakuna aliyejibu. Jibu lilikuwa pale chini, linakusanya nzi.

Nakuomba uelewe mambo mawili kuhusu ukimya ule. La kwanza, kwa mfugaji maziwa si kinywaji tu. Mama Barisa alikuwa na wajukuu. Kila kilichomwagwa na mkono wangu kilikuwa kimetolewa kwenye vinywa vyao. La pili linatuhusu sisi. Kwetu Kipini, jirani akikuletea sahani ya chakula, humrudishii sahani tupu. Utatia hata tende moja, hata kipande cha mkate wa mofa, hata sukari kidogo. Mwanamke anayerudisha sahani tupu hujadiliwa mtaa mzima. Na bibi yangu ndiye aliyekuwa akiwafunza wasichana adabu hiyo. Nilimwona akikitazama chombo mkononi mwangu, nikajua anafikiri nini. Alikiweka chetezo chini.

"Chombo cha jirani," akasema kwa sauti ndogo. "Nimekirudisha kitupu. Mimi."

Mama Barisa akanijia. Nilidhani atanipiga, na ningekubali kupigwa. Alikichukua chombo, akakitikisa kusikia kama kimebaki kitu. Kilibaki kidogo. Akakiinua kinywani, akanywa funda moja mbele yetu sote, akajipangusa midomo kwa upande wa mkono. Kisha akapita kati yetu, akazunguka, nasi nyuma yake, mpaka mbele, alikosimama Mama kizingitini akiwa na buibui lake. Mama hakuwa ametoka nje kwa ukelele wangu.

"Kunywa," Mama Barisa akamwambia. "Hii si kitu baya. Hii moshi ya mti. Sisi choma mti ndani ya chombo, maziwa haiharibiki. Moshi tu. Kunywa, dada."

Akampa.

Basi hapo ndipo alipokuwa mama yangu, mwanangu, nilipoanza kukusimulia. Mtumbwi unangoja. Mto unavuma. Mtoto hachezi. Nyuma yake ni nyumba iliyomtisha mpaka ikamkausha, mbele yake ni mwanamke asiyemjua, na mikononi ana kitu kile kile alichoambiwa ni cha jini. Baba angeweza kumwambia kunywa, hakusema. Bibi angeweza kumwambia acha, hakusema. Lilikuwa jambo la Mama peke yake. Alimtazama Mama Barisa usoni kwa muda, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Sijui alisoma nini. Najua kwamba alisema "Bismillah," akainua chombo, akanywa.

Alikunywa yote yaliyobaki. Kisha, mbele ya mkwe na mume na mpiga kasia, akaomba mengine.

Mzee Jillo akapiga makofi. Mama Barisa alikwisha kuutia mkono wake juu ya tumbo la Mama, akipapasa huku na huku kwa vidole vya mtu aliyezoea kazi hiyo. Akaitazama miguu iliyovimba. Kisha akamgeukia Mzee Jillo akasema maneno machache makali, na safari hii hatukuhitaji mkalimani. Mzee Jillo alianza kurudisha godoro ndani.

"Anasema huyu hapandi mtumbwi," akaeleza njiani. "Anasema nikimpandisha atanitafuta. Na mimi, Abdalla, mto huu naujua kuuogopa, lakini huyu mama namwogopa zaidi."

Hapo ndipo tulipocheka. Ulikuwa kicheko cha kwanza ndani ya nyumba ile tangu tuhamie.

Mama alikaa. Alikunywa maziwa yale asubuhi na jioni. Mama Barisa sasa hakuyaweka kizingitini, aliingia nayo, akaketi mpaka yaishe, akizungumza Kiswahili chake cha kuokoteza, naye Bibi akimjibu kwa Kiorma cha kuokoteza zaidi. Mtoto akaanza kucheza tena tumboni. Mama alinishika mkono akauweka pale nihisi teke, akacheka akilia. Siku zake zilipotimia, alijifungulia katika chumba kile kile cha nyuma, Mama Barisa ameshika mabega, Bibi amekaa mbele. Kulikuwa kumepambazuka. Uchungu ulipokuwa umemkaza Mama, ng'ombe mweupe akaanza kulamba ukuta upande wa pili, kwaruu, kwaruu, na Mama, jasho likimtiririka, akasema, "Mwambieni jini angoje, zamu yake bado." Bibi alicheka mpaka akakaribia kumwangusha mtoto alipotoka.

Alizaliwa mvulana, akaishi. Bibi alimpa jina la Shukuru. Ndiyo, mwanangu, unapepesa macho. Ni yeye. Ni babu yako Shukuru, aliyemzaa baba yako, aliyekuzaa wewe. Ulimkuta mzee mwenye kikohozi na hadithi nyingi. Mimi nilimkuta akiwa teke dogo chini ya kiganja changu, teke lililorudi baada ya funda la maziwa ya moshi. Kila nikikutazama unavyotembea ovyo na kucheka kwa sauti, namwona ng'ombe yule na pembe yake iliyopinda.

Tuliishi katika nyumba ile miaka mingi. Jasho jeupe halikukoma, na hatukulipangusa tena. Mara nyingi nimejiuliza: katika siku zote zile za hofu, kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyegusa ukuta kwa kidole akauweka kidole ulimini? Sisi ni watu wa bahari. Chumvi tunaijua kuliko jina letu. Lakini tulikuwa tumekwisha kuambiwa ni nini, na aliyekwisha kuambiwa haonji. Ng'ombe peke yake ndiye aliyeonja. Na yule tuliyemwogopa nyuma ya nyumba ndiye aliyekuwa akitulisha mbele ya nyumba.

Baadaye nilisomea ualimu, nikafundisha vijiji vingi, na kila nilipohamia nilifanya jambo moja kabla sijafungua sanduku. Nilikwenda kwa jirani wa kwanza, nikabisha hodi, nikasema: mimi ni fulani, nimekuja kukaa hapa, nielezeni nyumba hii. Hakuna jambo lililonipa usingizi mwema kama hilo. Kwa hiyo nasaha yangu kwako ni hiyo hiyo. Usifunge mlango kabla hujajua nani yuko nje. Ukisikia kitu kinapumua nyuma ya ukuta wako, na utasikia, maana kila ugeni una pumzi zake, usikae ndani na wanaokiogopa pamoja nawe. Toka mchana kweupe ukawaulize wanaokaa upande wa pili. Ukipewa kitu chenye harufu usiyoizoea, mwulize aliyekupa kabla hujamwaga. Pengine amekinyima kinywa cha mjukuu wake ili akupe wewe. Na chombo cha mtu, mwanangu, kirudishe na kitu ndani. Ukikosa vyote, tia chumvi.

Bibi alimwekea Mama Barisa chumvi ndani ya chombo kila siku mpaka mmoja wao alipotangulia. Hakulipa, maana deni lile halilipiki. Alishukuru tu, nami nimerithi kushukuru kwake.

Nenda sasa. Mwenyezi Mungu akupe nyumba yenye mlango unaobishwa. Akupe jirani atakayeiona taa yako na kufurahi. Akupe moyo wa mama yangu siku utakaposhikishwa kitu usichokijua, useme Bismillah na kukipokea. Na alfajiri ya kwanza huko uendako, kabla hujaogopa lolote, fungua mlango utazame kizingitini.